Alama Mbili za Magoti

Nilikinunua sokoni Szeged, mwezi wa Machi,
kijiti chenye matawi matatu,
mizizi imefungwa gazeti lililolowa,
na kibandiko cha penseli:
"Waridi, rangi ya waridi, lanukia."
Basi. Kama mtu aitwaye
Mtu bin Mtu.

Mavyaa akakitazama kama anavyotazama deni.
"Hapo ni pa pilipili," akasema.

Szőreg nzima inamjua Etelka:
miaka thelathini na minne alipiga magoti
katika mashamba ya ushirika, akibebesha mawaridi,
jicho moja kwa kila shina la mwitu,
kisu, ganda, jicho, utepe, sogea,
kisu, ganda, jicho, utepe, sogea,
elfu mbili kwa siku, Agosti ikiwaka mgongoni,
na nyumbani kwake hakupanda hata moja.
"Mpishi haoti ndoto za mchuzi."

Nikapanda mwenyewe.
Sepetu haikuonekana, nikachimba kwa kijiko cha makaa.
Kifundo, pale mwitu ulipounganishwa na mgeni,
nilikiacha juu ya udongo,
nikidhani kila kiungo hupenda hewa.
Pazia la jikoni likatikisika. Kimya.

Aprili, macho mekundu.
Mei, vidukari, kijani juu ya kijani,
wamejipanga shingoni mwa chipukizi kama shanga.
Nikawaosha kwa maji ya sabuni. Wakarudi.
Nikawaosha.
Kisha tawi likachomoka chini kabisa,
jembamba, lenye pupa,
likawapita wenzake kwa wiki moja.
Nikampigia simu mume wangu, lori lake likiwa Linz:
"Gergő, linanifika kiunoni!"

Kesho yake halikuwapo.
Halikukatwa. Lilinyofolewa na kisigino chake,
kama jino.

Usiku ule niliuliza mezani, sauti ikinitetemeka.
Mavyaa hakuacha kumenya kitunguu saumu.
"Hesabu vijani," akakiambia kitunguu.
"Saba, ni mwitu. Mwitu ukishiba,
mgeni hufa njaa."

Tangu harusi, nami aliniita mgeni.
Sikujua siku ile alikuwa upande wa nani.

Ikanyesha. Asubuhi nikatoka na viatu vya mpira
nikakuta udongo umerundikwa, umeshindiliwa kwa ngumi,
kifundo kimefunikwa vidole viwili,
na mbele yake mashimo mawili ya mviringo,
la kushoto lenye kina, la kulia jepesi
(ndilo lile goti la daktari),
yote mawili yamejaa maji ya mvua.
Nikapita kando. Sikuyakanyaga.
Yalikaa pale siku nne.

Mwisho wa Juni likafunguka.
Petali zilijikunja nje moja moja,
ncha zao zimechongoka,
rangi ikizidi kukolea kuelekea ndani,
kama ufizi wa mtoto.
Alfajiri halikuwa na harufu yoyote, nilikata tamaa.
Saa tatu jua likaligusa,
na ua zima la nyumba likanukia rasiberi,
ganda la limau, na chini yake
kitu kikavu, kama kopo la majani ya chai
lililofunguliwa chumba cha pili.

Nikalikata. Nikaliweka mezani
katika chupa iliyokuwa ya jamu ya aprikoti.
Mavyaa hakuliinamia.
Alilizungusha, akakagua shina.
"Umekata vibaya. Kata juu ya jicho linalotazama nje.
Mshazari, maji yateremke."
Akakaa. Akapumua tu, kama watu wote wanavyopumua,
mara moja, mara ya pili,
na mkono wenye kitunguu ukasimama.

"Safu ya kumi na moja," akasema.
"Upande wa kisima. Mwaka ule wa joto."
Nikangoja aendelee. Hakuendelea.
Alifuta kisu kwenye aproni,
akanyanyuka kwa goti lake zima,
na mlangoni, bila kugeuka:

"Sepetu iko nyuma ya pipa la maji.
La pili usilichimbie kijiko."